Kitabu Nilichonunua Kilikuwa Maktabani

Mdogo wangu aliingia mwaka wa kwanza pale Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu, na wiki ya tatu tu akanitumia ujumbe wa WhatsApp. Kwangu ilikuwa saa tisa usiku, kwake saa nne asubuhi. "Dada, shikamoo. Naomba unisaidie elfu saba ya kitabu cha kemia. Mwalimu amesema asiye na kitabu atabaki nyuma."

Elfu saba ningejikaza nikazipata. Lakini sikumtumia usiku ule, na asubuhi nilimpigia simu tukaongea karibu saa nzima. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu, kuhusu maktaba na hata kutunza mazingira, kwa sababu najua kuna watoto wengi wa Kisumu, Kakamega, Bungoma na Nakuru wanaotuma ujumbe kama huo kwa ndugu zao walio nje, na ndugu wanatuma pesa bila kuuliza.

Mimi nilifika Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Agosti 2022, na mabegi mawili na kikapu cha mkonge ambacho mama alininunulia soko la Kibuye, Kisumu. Nauli yangu ilitoka kwa harambee: kanisa, wajomba, na chama cha mama cha mtaani kwetu Manyatta. Wiki ya kwanza ya masomo nilikwenda duka la vitabu na orodha mkononi, nikatoa dola 180 kwa kitabu kimoja cha takwimu. Kwa bei ya dola ya wakati ule hizo ni zaidi ya shilingi 21,000. Nilijua kabisa ni akina nani waliochanga pesa ile, na nilikibeba kitabu kile kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

Mwezi wa pili, mwenzangu wa darasani anayetoka Nepal aliniuliza kwa nini natembea na mzigo mzito hivyo kila siku. Akanishika mkono hadi maktabani, ghorofa ya chini, kwenye dawati refu la mbao. Akataja namba ya kozi. Mkutubi akageuka nyuma, akatoa kitabu kile kile, jalada la bluu lile lile, akakisoma kwa mashine na kumwambia akirudishe baada ya saa tatu. Hakulipa hata senti. Mgongoni mwa kitabu palikuwa na kibandiko cha njano, na kurasa za sura ya nne zilikuwa zimelegea kwa kufunguliwa na watu wengi. Nilisimama pale nikiwa na changu ndani ya begi, na roho iliniuma.

Ndiyo nikajifunza kwamba katika vyuo vingi vya huku, mwalimu akishapanga kitabu cha kozi, maktaba huweka nakala moja au mbili pembeni, haziendi nyumbani, kila mtu anazitumia kwa saa chache. Ukijipanga, unasoma sura moja Jumanne na nyingine Alhamisi, na muhula unaisha. Na si vitabu peke yake. Dawati lile lile linaazimisha laptopu, chaja, kikokotoo cha hesabu, kamera, hata mwavuli. Muhula wangu wa kwanza laptopu yangu iliharibika wiki ya mitihani, nikaazima ya maktaba nikamaliza kazi zangu zote juu yake. Kama nisingejua, ningepiga simu nyumbani, na harambee ingeanza upya.

Ngoja niwaeleze jambo lililonishangaza kuliko yote. Nilikuwa nafanya utafiti mdogo kuhusu uvuvi wa Ziwa Victoria na nikahitaji kitabu kilichochapwa Nairobi miaka ya 1970. Chuo chetu hakikuwa nacho. Nilijaza fomu kwenye tovuti ya maktaba, nikasahau. Siku tisa baadaye nikaitwa. Kitabu kilikuwa kimesafiri kutoka maktaba ya chuo cha jimbo jingine, kimefungwa ukanda wa karatasi wenye jina langu. Ndani ya jalada la nyuma kulikuwa na mfuko wa karatasi na kadi ya zamani yenye mihuri ya tarehe, na muhuri wa mwisho ulikuwa wa 1988. Nikafungua katikati nikakuta mchoro wa mtumbwi wa tanga, na jina Dunga chini yake. Dunga! Ufuo ule wa ziwa pale Kisumu ambapo baba alikuwa akitupeleka kula samaki Jumapili. Kitabu kilivuka bahari muda mrefu kabla sijazaliwa, kikakaa rafuni kwa miaka zaidi ya thelathini bila kuguswa, kikanifikia bure. Maktaba huazimana hivi kila siku. Kinachotakiwa ni mtu kujaza fomu.

Hapo ndipo nilipoona tofauti kubwa, na siyo ya majengo. Nilipokuwa kidato cha nne nilikuwa nikienda maktaba ya taifa pale Kisumu karibu kila Jumamosi. Nilikuwa nikibeba vitabu vyangu na madaftari yangu. Wengi wetu tulifanya hivyo. Tulikwenda kutafuta meza, mwanga na ukimya, kwa sababu nyumbani kulikuwa na kelele za redio na watoto. Mkutubi tulimwona kama mtu wa kutunyamazisha. Sikumbuki hata siku moja niliyomwendea nikamwambia, "Samahani mama, ninatafuta kitu fulani, unaweza kunisaidia?" Huku kuna wakutubi wa kila fani: wa afya, wa sheria, wa uhandisi. Unaomba miadi, mnakaa naye nusu saa, anakuonyesha namna ya kutafuta. Wa kwangu alinifundisha kuweka maneno mawili ndani ya alama za kunukuu ili yatafutwe pamoja, na jinsi ya kutumia Zotero, programu ya bure inayokuandalia orodha ya marejeo. Nusu saa hiyo iliniokolea siku nyingi za kuhangaika.

Basi nikamwuliza mdogo wangu: "Umeshaongea na mkutubi hapo Maseno?" Kimya. Halafu akasema, "Dada, mimi huingia tu kusoma notisi zangu." Nikacheka kwa huruma maana nilijiona mimi mwenyewe ndani yake.

Nilimwambia hivi. Kitabu cha kemia cha mwaka wa kwanza kipo bure. Chuo Kikuu cha Rice, kule Houston, kina mradi unaoitwa OpenStax ambao tangu 2012 unatoa vitabu kamili vya kiada: kemia, biolojia, fizikia, takwimu, uchumi, anatomia. Unapakua PDF, unaisoma kwenye simu, ni halali kabisa, hakuna wizi. Mada za mwaka wa kwanza hazitofautiani sana: atomi ni atomi, iwe Maseno au Houston. Kisha kuna JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma iliyoanza 1995. Hata mtu asiye na chuo akifungua akaunti yake anaruhusiwa kusoma hadi makala 100 kila siku 30 mtandaoni. Na vyuo vyetu vya Kenya havikukaa bure. Tangu 2003 maktaba zao zina umoja wao, KLISC, unaonunua majarida ya kielektroniki kwa pamoja ili gharama igawanywe. Karo aliyolipa mama imeshalipia sehemu ya majarida hayo. Asiyeomba nenosiri maktabani anaacha chakula alichokwisha kulipia mezani.

Tena kuna eduroam, mtandao wa Wi-Fi wa vyuo duniani, ambao kwa Kenya unaendeshwa na KENET, mtandao wa elimu wa nchi. Ukiwa umesajiliwa chuoni kwako, simu yako inajiunga yenyewe ukitembelea chuo kingine kilichomo. Mwanafunzi wa chuo kimoja akienda kumwona rafiki katika kingine, bando lake linabaki mfukoni. Vijana wanauza hata omena ya chakula cha jioni kupata bando. Nenda maktabani uulize.

Nje ya chuo, mji huu wa Pittsburgh una maktaba ya umma ya Carnegie iliyofunguliwa 1895. Juu ya mlango wamechonga kwenye jiwe maneno yenye maana ya "Bure kwa Watu". Andrew Carnegie alitajirika kwa chuma cha hapa hapa, na fedha yake ilijenga maktaba 2,509 duniani. Mimi ni mgeni, sina uraia, lakini nilionyesha barua ya anwani yangu nikapewa kadi siku ile ile. Kila nikipita chini ya maneno yale nawaza maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa 1931, ambayo kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma.

Sasa mtu ataniuliza maktaba inahusianaje na mazingira. Kwangu ni kitu kimoja. Kitabu kimoja kinachosomwa na watu sitini ni karatasi ya vitabu hamsini na tisa ambayo haikukatiwa mti. Laptopu ya kuazima ni madini ambayo hayakuchimbwa. Na katika mji huu siwezi kulifikiria jambo hili bila kumkumbuka mama yetu Wangari Maathai. Alikuja Marekani 1960 na wale wanafunzi wa Afrika Mashariki waliosafirishwa kwa ndege kuja kusoma vyuo vya huku, akasoma Kansas kwanza, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, 1966. Pittsburgh ilikuwa mji wa viwanda vya chuma, moshi wake ulikuwa mzito hivi kwamba miaka ya 1940 taa za barabarani ziliwashwa mchana. Alipokuwa hapa aliona wakazi wakipigania hewa safi, na mji ukisafishwa kweli. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, vuguvugu la kupanda miti Kenya, na 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ninapotembea asubuhi kuelekea darasani, hewa ikiwa baridi na safi, najua alipita mitaa hii hii kama mimi, na moyo unanipa nguvu.

Mambo madogo ya kila siku nimeyajifunza mengine kwa aibu, mengine nilikuja nayo. Soketi za huku hazina swichi. Nyumbani tumezoea kuzima ukutani, tak, umemaliza. Huku chaja ikiwa ukutani inavuta umeme kidogo usiku kucha mpaka uichomoe. Nilinunua waya wa soketi nyingi wenye swichi moja, nikitoka chumbani nabonyeza, vyote vinazimika. Na umeme wa Pennsylvania kwa sehemu kubwa unatokana na kuchoma gesi. Wetu wa Kenya, takriban asilimia 90 ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mitambo ya mvuke ya Olkaria iko hapo hapo Nakuru, na ile ya maji ya Sondu Miriu iko jirani na Kisumu. Wenzangu wa darasani huwa hawaamini nikiwaambia hivyo, mpaka wapekue wenyewe.

Mifuko ya plastiki ndiyo iliyonishtua. Kenya ilipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4. Nikafika huku, dukani yule dada wa malipo akafunga paketi ya chumvi ndani ya mifuko miwili, mmoja juu ya mwingine. Nilitoa kikapu changu cha Kibuye, watu kwenye foleni wakaanza kuuliza nimekinunua wapi. Pittsburgh ilipiga marufuku mifuko hiyo Oktoba 2023, miaka sita baada yetu. Kikapu bado ninacho, mpini mmoja nimeushona upya kwa uzi wa nailoni.

Nguo nafua kwa mashine kwa sababu hakuna beseni wala uwanja, lakini mashine ya kukausha niliiacha. Nimefunga kamba kutoka dirishani hadi kabatini, na wakati wa baridi hita inazikausha usiku mmoja na kuipa hewa kavu ya chumba unyevu kidogo. Mama alikuwa akitumia maji ya kusuuza nguo kupigia deki, na maji ya deki kumwagia migomba. Hakuwahi kuliita jambo hilo utunzaji wa mazingira.

Mwezi wa tano wanafunzi wanapohama hosteli, vitu vinatupwa: mataa, sufuria, viti, madaftari yaliyoandikwa kurasa tano tu. Chuo chetu hukusanya na kuvigawa bure Agosti kwa wanaoingia. Taa ninayoandikia hapa imetoka huko. Yale madaftari nayakata kurasa zilizoandikwa, nabaki na zilizo safi. Sijanunua daftari tangu 2022.

Mdogo wangu alikwenda kwa mkutubi siku ya pili. Alinitumia picha ya skrini: kemia ya OpenStax imefunguka kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, na chini yake karatasi yenye nenosiri la majarida, limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Elfu saba haikutumwa.

Wiki mbili baadaye alinipigia mwenyewe. Mkutubi alikuwa amemwonyesha hazina ya tasnifu za chuo, zilizoandikwa na wanafunzi wa pale pale na kuwekwa mtandaoni bure. "Dada, si ulisema unaandika kuhusu ziwa? Kuna moja hapa ya gugu maji." Katika maktaba zote za huku, na fomu zote nilizojaza, sikuwa nimeipata. Akanitumia kiungo. Nimeisoma jana hadi usiku wa manane, na kwenye ukurasa wa shukrani mwandishi anawashukuru wavuvi wa Dunga waliompeleka majini kila alfajiri kwa miezi mitatu kupima majani.