Sailensa ya IST ilivyonisumbua baada ya kubadilisha kemshafti

Sailensa ninayosema hapa ni ile injini kuzunguka yenyewe bila kukanyaga mafuta, si ya bomba la moshi. Gari ni Toyota IST ya NCP61, ile yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Wanaoishi Dar hawahitaji kuelezwa. Simama kwenye taa za Ubungo utaziona mpaka uchoke. Yangu niliifunga gesi asilia kwa sababu jioni nikitoka kazini nabeba abiria wa mtandaoni, na kwa petroli hesabu zilikuwa hazikai. Hilo la gesi lishike, maana ndilo lililokuja kufumbua fumbo.

Ilianza na kelele upande wa juu wa injini: ta-ta-ta-ta, ukikanyaga mafuta nayo inakimbia. Mmiliki wa kabla yangu inaelekea alikuwa mtu wa kuongeza oili, si wa kuimwaga na kuweka mpya. Tulipofungua kava la valvu tulikuta tope jeusi limeganda pembeni kama lami, na kemshafti ya ekzosi (mhimili unaofungua valvu za kutolea moshi) ina michirizi ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Zile sehemu zenye umbo la yai zinazosukuma valvu zilikuwa zimelika, mbili kati yake vibaya sana. Ya inteki, upande wa kuingiza hewa, ilikuwa na nafuu, lakini nayo haikuwa ya kurudishia.

Fundi akaniambia, "Kaka, hapa tutafute za mtumba za Japani, twende Gerezani." Tukaenda, tukapata jozi safi. Mimi kazi yangu ni ufundi mitambo, nilisomea VETA Chang'ombe, kwa hiyo maikromita, kipimo cha unene wa chuma, haikosi kwenye begi langu. Nikazipima mle mle dukani: shingo zake zilikuwa sawa, mayai yote urefu mmoja. Fundi akazifunga, akapanga cheni, akaweka gasketi mpya ya kava, oili mpya na filta. Kelele ikaisha kabisa.

Kilichokuja badala yake ni mtetemeko. Asubuhi ukiwasha injini ikiwa ya baridi, gari linatulia vizuri. Likishapata moto, ukisimama kwenye foleni, usukani unatikisika, kioo cha pembeni kinacheza, mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unashuka mpaka karibu 500 halafu unarukia 700. Ukikanyaga kidogo, likafika 1,500 hivi, linakuwa laini kama halina tatizo. Barabara ya Morogoro unapita bila kuhisi kitu. Ukifika kwenye taa tu, linaanza kutetemeka upya.

Ukiwa na gari linalotetemeka Dar hukosi madaktari. Mmoja kijiweni akasema plagi. Mwingine akasema koili inayoipa plagi umeme, tena akajitolea kuniuzia. Wa tatu akasema maunti za injini, ile mipira inayoibeba, zimekufa, wa nne akasema throto, mlango wa hewa ya injini, ina uchafu. Sikuwadharau, kwa sababu kweli vyote hivyo vinaweza kutetemesha gari. Ila maunti hazisubiri injini ipate moto ndipo zife, na plagi zangu zilikuwa nzima kabla ya kemshafti kuguswa. Gari likibadilika tabia siku ileile lilipotoka kwa fundi, mimi naanza na kile kilichofunguliwa. Pesa ya kununua spea za kubahatisha sikuwa nayo pia, nisijifanye ni hekima tupu.

Nikachomeka kifaa cha kusomea kodi za hitilafu kutoka kompyuta ya gari. Ikatoka P0303, yaani silinda ya 3 inamisi, haichomi mafuta sawasawa. Nikahamisha koili na plagi ya silinda ya 3 nikaweka kwenye ya 2, za 2 nikaleta ya 3, nikafuta kodi, nikazunguka mpaka gari likapata moto. Ikarudi P0303. Umeme ukatoka kwenye orodha.

Hapa gesi ikanisaidia. Gari la mifumo miwili lina faida ambayo wengi hawaitumii: nozeli za petroli na nozeli za gesi ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo ukibonyeza swichi ukahama kutoka gesi kwenda petroli umebadilisha mfumo mzima wa mafuta kwa sekunde moja. Nikabonyeza gari likiwa linatetemeka. Hakuna kilichobadilika. Silinda ile ile, mtetemeko ule ule. Ni vigumu sana nozeli za petroli na za gesi kuharibika pamoja, kwenye silinda moja, siku moja. Mafuta nayo yakatoka.

Nikakagua kama injini inavuta hewa ya pembeni, maana kufungua kava la valvu kunahusu kuchomoa ile paipu ya kupumulia, na ni rahisi kurudishwa ikiwa imepasuka au haikukaa vizuri. Ilikuwa nzima. Halafu nikaja kwenye VVT-i, kwa sababu kemshafti ya inteki ndiyo inayobeba ile puli yenye mfumo wa kusogeza taiming (wakati wa valvu kufunguka) kwa presha ya oili. Valvu yake ya oili ikikwama wazi, taiming inabaki mbele hata kwenye sailensa, na gari litatetemeka tu. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa sailensa, chomoa soketi ya ile valvu, kisha uipe umeme wa betri moja kwa moja. Ikiwa nzima, injini itahangaika au itazima kabisa. Ya kwangu ilitaka kuzima. Nilipoondoa waya ikarudi kwenye mtetemeko wake wa kawaida. Kwa hiyo valvu inafungua na kufunga.

Kuhusu cheni, kila niliyemuuliza alisema imeruka jino. Nikafungua kava, nikazungusha krenkshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, mpaka alama ya puli ikakaa kwenye sifuri, nikatazama alama za puli za kemshafti: ziko juu, zimenyooka. Kijana aliyekuwa ananishikia tochi akashtuka kwamba zile pingili za cheni zenye rangi haziko kwenye alama. Hazitakiwi kuwa. Rangi zile ni za kufungia tu; injini ikishazunguka, cheni na alama zinapishana, na zitakutana tena baada ya mizunguko mingi. Nimeona watu wakifungua mbele yote ya injini kwa sababu ya hofu hiyo. Halafu cheni ingekuwa imeruka, silinda zote zingelalamika, si ya 3 peke yake, na kompyuta ingetoa P0016 ya kemshafti kutokubaliana na krenkshafti.

Sasa ikabaki silinda yenyewe. Nikapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, throto wazi. Silinda ya 1 ilitoa psi 185, ya 2 ikatoa 180, ya 4 ikatoa 190. Ya 3: 120. Kiwango cha injini hii ni psi 213 hivi ikiwa nzima, haitakiwi kushuka chini ya 155, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Nikadondosha oili kidogo kwenye silinda ya 3 nikarudia. Haikupanda cha maana, kwa hiyo si ringi za pistoni. Nikaiweka pistoni ya 3 juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, nikaingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi, kisha nikaenda kuweka sikio nyuma kwenye bomba la moshi. Ssssss. Upepo unapita kwenye valvu ya ekzosi.

Injini ikapoa usiku kucha, asubuhi nikachukua fila geji, vile vibapa vya kupimia gepu. 1NZ-FE haina tapeti za haidroliki za kujirekebisha wala zile shimu, visahani vya kurekebishia gepu, za kuchomoa juu. Ina vikombe vya tapeti tu, vinavyokaa kati ya kemshafti na valvu, na gepu kati ya kikombe na kemshafti linapatikana kwa unene wa kikombe chenyewe. Injini ikiwa ya baridi, inteki inatakiwa iwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, ekzosi kati ya 0.25 na 0.35. Pistoni ya 1 ikiwa juu kwenye kompresheni unapima inteki za 1 na 2 na ekzosi za 1 na 3. Ukizungusha krenkshafti mzunguko mmoja kamili unamalizia zilizobaki. Inteki zote zilikuwa ndani ya kiwango. Ekzosi nyingi zilisoma 0.18, 0.20, zimebana lakini zinavumilika. Kwenye silinda ya 3, valvu moja ilisoma 0.12. Ya pili, bapa la 0.10 liligoma. La 0.08 likagoma. La 0.06 likaingia kwa kusukumwa.

Kila kitu kikaeleweka. Valvu ya ekzosi ikipata moto inarefuka. Gepu la 0.06 linaliwa lote, valvu inabaki imesimama kidogo juu ya siti yake, pale inapokalia, haifungi. Ndiyo maana asubuhi gari lilikuwa zuri. Na kwenye sailensa injini inazunguka taratibu, kwa hiyo mgandamizo una muda mrefu wa kuvuja kwenye kile kijitundu. Ukikanyaga mafuta, muda huo unakuwa mfupi, uvujaji hauna nafasi ya kuharibu, na gari linatulia.

Lakini gepu lilitoka wapi kuwa dogo, wakati kemshafti zilikuwa sahihi? Ni gesi. Gesi asilia inaingia kavu, haina kile kimiminika cha petroli kinachosaidia kupoza na kulainisha kidogo pale valvu inapogonga siti. Kwa kilomita nyingi valvu inachimba siti, inazama kuingia kwenye hedi (kichwa cha injini), na mkia wake unapanda kuelekea kemshafti. Gepu linapungua polepole. Kemshafti yangu ya zamani ilikuwa imelika mpaka upande wa mviringo ambako gepu hupimwa, kwa hiyo ilikuwa inarudisha gepu lililoliwa na siti, na hata kulizidisha. Ndiyo ile kelele. Tulipoweka kemshafti isiyolika juu ya vikombe vilevile, ubovu mmoja ukaondoka na kuuacha wa pili uchi. Fundi hakupima gepu kabla ya kufunga. Wengi hawapimi, kwa sababu 1NZ ya petroli inaweza kutembea miaka bila mtu kugusa tapeti.

Dawa ilikuwa vikombe vyembamba. Hesabu ni nyepesi: chukua unene wa kikombe kilichopo, ongeza gepu ulilopima, toa gepu unalolitaka. Kile cha kugoma kilikuwa na unene wa 5.42. Mimi nilitaka 0.35, mwisho kabisa wa kiwango, kwa kuwa gesi itaendelea kula siti: 5.42 jumlisha 0.06 toa 0.35 ni 5.13. Toyota walivitengeneza kwa hatua za 0.02, kuanzia 5.06 hadi 5.74, kwa hiyo cha karibu kisichovusha gepu nje ya kiwango ni 5.14.

Kuvipata ndiyo ilikuwa shughuli. Nikarudi Gerezani. Muuza spea mmoja ana kopo la rangi la lita nne limejaa vikombe vya 1NZ vilivyolowa oili, vya kutoka hedi zilizokatwa. Akanisogezea akisema, "Bosi, vyote ni saizi moja hivyo, chagua tu." Nikatoa maikromita. Cha kwanza 5.30, cha pili 5.22, cha tatu 5.48. Akanyamaza, akavuta kiti akakaa kutazama, baadaye akaanza kunifutia kimoja kimoja kwa kitambaa na kunipa mkononi. Namba imegongwa kwa ndani, 14 maana yake 5.14, lakini kikombe kilichotumika huwa kimepungua na namba haijui hilo. Nilikuwa naamini chuma tu. Vilivyokuwa na alama juu niliviacha. Baadhi ya nafasi nilizijaza kwa kuhamisha vikombe vyangu mwenyewe kutoka valvu moja kwenda nyingine.

Kuna fundi alinishauri nisihangaike, nisage vikombe kwenye jiwe la mashine. Nilikataa. Uso wa kikombe umekomazwa. Ukiusaga kwa mkono unaondoa ule ugumu na unaacha mgongo usionyooka, na kemshafti itaula ndani ya muda mfupi.

Kufunga hakukuwa na maajabu. 1NZ ina tundu la huduma kwenye kava la mbele, unalegeza tenshena, kile kikaza cha cheni, kupitia hapo na kuifunga kwa kijiti cha chuma cha milimita 2 au 3, bila kushusha kava zima. Niliifunga cheni kwa waya isidondoke, kemshafti zikatoka, vikombe vikabadilishwa, vifuniko vya kemshafti vikarudi kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, Nm 13 vile vidogo na Nm 23 kile cha mbele. Nikazungusha injini kwa mkono, nikapima magepu yote upya kabla ya kurudisha kava. Ekzosi zote zilisoma kati ya 0.32 na 0.35.

Injini ikiwa ya moto silinda ya 3 sasa inatoa psi 178. Siti yake imechoka na sidhani itafika walipo wenzake bila hedi kushushwa, lakini mshale wa rpm unakaa 700 na haupepesuki, hata AC ikiwaka kwenye foleni ya Magomeni. Asubuhi kuna mlio mdogo wa tik-tik kwa dakika chache mpaka injini ipate moto, kwa sababu ya hayo magepu mapana. Shemeji yangu, naye ana IST ya gesi, kila akiusikia ananiambia nimpelekee fundi abane tapeti. Nimemwambia alete ya kwake kwanza tuipime.