Sauti ya ami imezama kwenye grupu

Kila nikisikia watu wanabishana kama intaneti imetimiza ahadi yake, mimi huitazama kutoka hapa Pemba, maana ndipo ninapoijua. Kwa upande mmoja imetimiza, tena kupita tulivyotarajia. Jamaa zetu wametapakaa Muscat, Dubai, Mombasa, London. Zamani barua ilikuwa ikingoja msafiri. Leo harusi ya Wete inatazamwa Oman papo hapo, na mtu akifariki, ndugu wa ng'ambo wanajua kabla ya maziko. Hilo silibezi hata kidogo.

Lakini ahadi haikuwa ya kusalimiana tu. Tim Berners-Lee, mtaalamu wa kompyuta wa Kiingereza, aliubuni wavuti, yaani zile kurasa tunazozifungua kwenye intaneti, mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikautoa bure kwa dunia nzima. Maana yake, yeyote, popote alipo, aweke analolijua, na mwengine asiyemjua kabisa aje alikute. Hapo ndipo tulipopunjika.

Msimu uliopita wa karafuu, ami yangu alituma sauti ndefu kwenye grupu la ukoo. Anaeleza tawi lipi la mkarafuu likanyagwe na lipi liachwe, kwa nini karafuu ichumwe ikishaanza wekundu lakini kabla haijafunguka, na vipi ile iliyorundikwa mbichi hadi ikavunda haipati rangi tena hata ukiianika kutwa. Nyuma yake unasikia watu wanachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, huku wanacheka. Wenye grupu wakajibu "mashaallah", zikaingia picha za harusi, sauti ikazama. Binamu yangu alipobadilisha simu akaitafuta, hakuipata. Na mtoto wa Mkoani anayetafuta leo mambo ya karafuu kwa Kiswahili hataifikia, kwa sababu grupu halifunguki kwa asiyekuwa mwanachama. Elimu ya maisha mazima imetumwa, imesikilizwa na watu wa nyumba moja, basi.

Wapo wanaosema ni uvivu wetu, tungeandika blogu. Watu waliandika! Kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za 2018 zikamtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake zikazidi shilingi milioni 2. Mwalimu wa skuli au mchumaji karafuu azitoe wapi? Kanuni zimerekebishwa baadaye, lakini watu walishahamia kwenye magrupu ya kampuni za mbali, na kurudi ni kazi. Hata huko kwenyewe hatuna amri: tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na mama aliyezoea kumuona mwanawe wa Muscat kila usiku akabaki na wasiwasi wake.

Bado siukatii tamaa wavuti. Ule wa mwanzo, wa kila mtu na ukurasa wake, haujafa, ila unataka watu wa kuujaza, na Kiswahili cha visiwani kimo kidogo mno humo.

Nimemuomba ami anieleze upya yote, niyaandike hapa hadharani kwa Kipemba chake hicho hicho. Amekubali. Anataka tuanze na uanikaji, kabla mvua za vuli hazijashika.