Kisigino kilichoninyima nyama ya Msalato

Naandika nikiwa na hasira kidogo, maana miezi minne nzima sikugusa nyama choma kwa ugonjwa ambao sikuwa nao.

Wa Dodoma mnajua inavyokuwa. Mvua zikikatika Aprili, Mei upepo na baridi vinaingia, jua linashika adabu, na mji mzima unagundua kuwa una kitambi. Raba zinatolewa uvunguni. Mimi tangu Desemba nilikuwa mtu wa kitanda, basi la kwenda kazini Mtumba, kiti cha ofisi, basi tena, kochi. Juni ya mwaka jana nikajiunga na kikundi cha jogging cha mtaani kwetu. Siku ya kwanza, kilomita nane. Siku ya kwanza! Kuna mama mmoja wa makamo alinipita huku anaongea na simu, anacheka. Nikaona hii ni dharau, nikamfukuza mpaka nikaona vimulimuli mchana kweupe. Jumapili badala ya kupumzika nikapanda mawe ya mlima Mlimwa na vijana. Jumatatu nikarudi barabarani, eti mwili umeshazoea.

Wiki ya tatu, asubuhi, nashusha mguu wa kulia sakafuni, nikahisi nimekanyaga msumari. Nikageuza unyayo kutafuta mbigili, hakuna. Nikaenda chooni nimeshika ukuta. Baada ya dakika kumi maumivu yakalegea, nikasema yamepita. Kesho yake nikayakuta palepale, yananisubiri chini ya kitanda.

Jirani yangu hakuuliza hata swali. "Hiyo gauti hiyo. Acha nyama." Ofisini wakaipitisha kama ajenda isiyo na mjadala. Basi nikaacha. Jumamosi wenzangu wanakwenda mnada wa Msalato, wanarudi wananukia moshi, mimi niko nyumbani na ugali wa mtama na mlenda. Sina ugomvi na mlenda, nimelelewa nao, lakini mlenda wa adhabu hauteremki. Kisigino kikazidi. Akatokea mwingine, huyu mtu wa heshima kabisa, akaniambia nitembee peku ndani ya nyumba ili ardhi ivute maumivu. Nyumba yangu ina vigae! Wiki mbili za peku juu ya vigae ndizo zilizonimaliza, nikaanza kushuka ngazi za ofisini kwa ubavu kama kaa.

Oktoba nikapelekwa hospitali, na mliowahi kusema "nikapelekwa" mnajua ni mke aliyenipeleka. Kijana wa mazoezi ya viungo akaniuliza, "Mzee, hatua ya kwanza ya asubuhi ndiyo mbaya zaidi?" Nikaitikia. Akashika mguu, akavuta kidole gumba cha mguu kuelekea juu kwa mkono mmoja, na kwa dole lake la mkono wa pili akabonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani. Nilitamka neno ambalo nesi alijifanya hajalisikia.

Akanieleza kuwa chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Usiku unakakamaa, asubuhi ukikanyaga unauvuta ghafla, ndiyo ule msumari. Gauti mara nyingi huanzia kwenye kiungo cha kidole gumba, kinavimba, kinakuwa chekundu na cha moto kiasi kwamba hata shuka likigusa unapiga kelele. Changu hakikuvimba hata siku moja. "Mguu umeupa kazi ya mwaka kwa wiki tatu," akasema. Damu ilipimwa kunituliza roho tu, ikatoka safi. Nikakumbuka zile Jumamosi zote.

Kisha akaiomba raba yangu, akaishika ncha mbili, akaikunja. Ikakunjika katikati kama chapati. Raba nzuri, kumbe, hukunjikia pale vidole vinapoanzia, na nyuma inapokumbatia kisigino ukibonyeza isibonyee. Nikaenda kuchambua mitumba nikiwa na elimu hiyo, na nilikwenda jioni makusudi, kwa sababu mguu wa jioni umevimba kidogo na ndio mguu wa kweli. Nilikunja jozi kama kumi na tano, muuza viatu akauliza kama nanunua au nakagua. Nikapata ya elfu thelathini na kitu, mbele ya kidole kirefu inabaki nafasi ya upana wa dole gumba. Ndani ya nyumba sasa navaa sandali zenye soli nene. Peku nimewaachia wanaoshauri.

Dawa yenyewe ilikuwa kanga ya mke wangu. Kabla ya kushuka kitandani naipitisha chini ya vidole, goti limenyooka, navuta ncha zote mbili kuja kifuani, nahesabu thelathini, mara tatu kila mguu. Kanga yenyewe imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio", na kila asubuhi nilikuwa nayasoma maneno hayo yamenitanda unyayoni, namkumbuka yule mama na simu yake. Jioni, chupa ya maji iliyogandishwa, naiviringisha chini ya unyayo dakika kumi hivi nikitazama taarifa ya habari. Na kila baada ya siku moja, ngazi ya kibarazani: taulo limeviringishwa chini ya vidole, napanda kwa vidole polepole, nasimama kidogo, nashuka polepole zaidi. Inachosha kuliko inavyosikika. Msumari ulitoka kabisa Januari, msinitarajie niseme wiki mbili.

Mwaka huu sikusubiri Mei. Februari, mvua inanyesha, mimi niko kibarazani napanda na kushuka, watoto wanacheka. Nikaongeza kusimama mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, kwa ajili ya kifundo, maana baada ya mvua njia zetu zimejaa makorongo, na mwenzetu mmoja wa kikundi aliingia kwenye moja akapinda mguu. Mke wangu akanikuta sinkini, akauliza, "Umekuwa korongo?" Nikamjibu nakuwa korongo ili nisitumbukie korongoni. (Yule mwenzetu hakuweza kukanyaga hata hatua nne, akapelekwa kupigwa picha ya mfupa. Ikikufikia hivyo usijichue nyumbani.)

Mei nikaanza na kutembea dakika ishirini, siku moja naenda, moja napumzika. Kukimbia nilichomeka kidogokidogo, dakika mojamoja, na Mlimwa sikuigusa mpaka mwezi ukaisha. Yule mama ananipita kila Jumamosi. Tunasalimiana.

Wiki iliyopita nikamkuta jirani yangu getini ameegemea ukuta, mguu mmoja juu. Naye ameanza mazoezi, kwa kasi ile ninayoijua. Akaniuliza hiki kisigino kinaweza kuwa nini.

"Hiyo gauti hiyo," nikamwambia. "Acha nyama."

Kanga nilimpelekea Jumapili, baada ya kurudi Msalato.