Siku moja na koa wa baharini, Unguja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jedwali la maji limebandikwa nyuma ya mlango wangu, na tarehe ya leo nilishaizungushia duara jekundu: bamvua, maji yanakupwa saa nne asubuhi. Siku za bamvua hapa Unguja, kati ya maji kujaa na kupwa hupita kama mita nne. Mwamba ambao wiki iliyopita ulikuwa chini ya maji leo utakaa juani.

Natia vitu kwenye ndoo: vichupa vyenye vifuniko vya kukaza, miwani ya kuzamia, kamera, vipande vya karatasi ngumu na kalamu ya risasi. Kalamu ya risasi ni lazima, kwa sababu ethanoli hufuta wino, na koa aliyepoteza lebo yake hana thamani tena hata awe adimu namna gani. Nakala ya kibali cha utafiti nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Ninaowatafuta ni koa wa baharini, jamaa wa konokono ambao gamba huwa nalo wakiwa wachanga kabisa, kisha hulivua wakabaki na mwili mtupu. Kichwani wana pembe mbili za kunusia. Katika kundi ninaloshughulika nalo, mgongoni karibu na mkia huchanua kitu kama ua, na hayo ndiyo matamvua yao ya kupumulia.

Mwezi uliopita niliokota wawili kwenye mwamba huu huu, nikawapa namba 17 na 18. Wote weusi, wenye mistari meupe kutoka mbele hadi nyuma na ukingo wa rangi ya machungwa. Mwenzangu wa maabara alitazama mara moja akasema ni wale wale, spishi iitwayo Chromodoris africana. Lakini ukingo wa namba 18 ulikuwa mwembamba mno, na tangu siku ile sijatulia. Bahati mbaya alikuwa mdogo, viungo vyake vya uzazi havijakomaa, na bila viungo hivyo kazi ya kumtambulisha haikamiliki. Leo namtaka mkubwa wa sura ile.

Saa tatu na nusu. Njiani kuelekea mwambani napita katikati ya mashamba ya mwani. Mama mmoja tuliyezoeana anafunga kamba zake, maji magotini.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Leo tena kwa wadudu wako?”

“Leo tena.”

“Na hawa hawanilii mwani?”

“Hawa chakula chao ni sifongo, mama. Wanaokula mwani ni jamaa zao wengine.”

Swali lake limegusa kiini cha kazi yangu yote, ingawa hatukuwa na nafasi ya kukaa tukazungumza. Koa wa jenasi ya Chromodoris huchukua sumu kutoka kwenye sifongo wanazokula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba spishi tano za jenasi hii huhifadhi sumu moja, latrunkulini A, kwenye ukingo wa joho lao, yaani ngozi inayowafunika mgongoni. Samaki akimwonja mmoja hujuta, na rangi zile humkaa kichwani. Kwa hiyo ni faida kwa spishi tofauti kuvaa sare moja, maana kila anayevaa hufaidika na funzo alilolitoa mwenzake. Kwetu sisi tunaotaka kuwatenganisha, sare hiyo hiyo ndiyo mtego. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba hata ndani ya spishi moja ya Chromodoris rangi zinaweza kubadilika kutoka mahali hadi mahali, zikafuata za majirani.

Saa nne hadi saa tano na nusu. Nainua jiwe, natazama chini yake, nalirudisha vile vile lilivyolala, kwa sababu chini ya kila jiwe pana makazi ya watu wengi. Saa nzima sipati kitu ila utepe wa mayai uliojiviringa kama ua waridi. Maji yameshaanza kurudi ninapomwona ukingoni mwa mwamba, ubavuni mwa sifongo: mweusi, mkubwa kuliko wenziwe wote niliowahi kuwaokota, na ukingo wake mwembamba kama uzi. Mikono ilinitetemeka. Nilimpiga picha kumi na mbili kabla ya kumgusa.

Saa saba mchana, maabara. Rangi hupigwa picha angali hai, kwa sababu ndani ya ethanoli hufifia na kutoweka. Nampima urefu akitambaa, kisha namlaza kwenye maji yenye magnesi kloridi hadi alegee kabisa. Sipendi kuiharakisha hatua hii. Namkata kipande kidogo cha mguu, kikubwa kidogo kuliko punje ya mchele, nakitia kwenye ethanoli ya asilimia 96 kwa ajili ya vinasaba. Mwili wote unaingia chupa nyingine. Tangu sasa ni namba 31.

Saa nane hadi saa kumi na nusu. Huyu wa leo atapasuliwa siku nyingine. Sasa hivi yuko mbele yangu namba 17, chini ya hadubini, na hapa ndipo saa zangu hupotea bila habari.

Nachana ngozi ya mgongoni kwa mkasi mwembamba. Bonge la mdomo nalitia kwenye sodiamu haidroksidi, nyama iyeyuke ibaki radula, ule utepe wenye meno anaokwangulia chakula. Meno huhesabiwa kwa safu na kuandikwa kwa fomula: safu ngapi, halafu meno ya kushoto, ya katikati na ya kulia. Kwa Chromodoris jino la kati kwa kawaida halipo, au ni alama tu. La kutazama kwa makini ni jino la ndani kabisa kila upande, ambalo lina vijino pande zote mbili. Nahesabu mara tatu. Zikitofautiana, naanza upya.

Kisha viungo vya uzazi. Koa hawa ni dume na jike kwa pamoja, na mirija yao imejikunja ubavuni kulia kama utumbo wa kuku. Naifungua kidogo kidogo kwa vibanio na kuichora: urefu wa mrija wa mbegu, ukubwa wa kifuko kinachopokea mbegu za mwenzake, mahali vinapoungana. Kosa dogo la mkono likikata mrija, hakuna kurudi nyuma. Watu huniuliza kwa nini nijisumbue kuchora ilhali jeni zitasema. Jeni hazinielezi kiumbe huyu anakulaje wala anazaaje, na majina ya zamani yote yalitolewa kwa miili.

Jina la africana lilitolewa mwaka 1904 na Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Uingereza katika himaya ya Afrika Mashariki. Alitawala huku akikusanya koa wa Unguja na pwani hii, akachapisha maelezo yao katika jarida la jumuiya ya zuolojia ya London. Goniobranchus annulatus naye ni wake. Yeye alimwita Chromodoris, hadi uchambuzi wa jeni wa mwaka 2012 ulipolivunja kundi lile na kumhamishia jenasi nyingine. Enzi ya Eliot hapakuwa na vinasaba, kwa hiyo koa mbichi kutoka maji haya haya ndio wanaoweza kuliunganisha jina lake na jeni. Kazi hiyo inastahili kufanywa pia hapa walikookotwa.

Saa kumi na moja jioni. Jeli, utando laini ambamo vipande vya vinasaba huonekana kama mistari, inaangaliwa chini ya taa. Sampuli za jana zilipita mizunguko ya PCR, njia ya kunakili vinasaba mara nyingi, ili kunakili jeni ya COI inayotumika kutambulisha spishi, kipande cha herufi 658, kwa praima (vipande vifupi vya kuanzishia unakili) zilizobuniwa mwaka 1994 na zinazotumika hadi leo. Mistari minne inang'aa, mmoja umekataa. Kichupa cha maji matupu hakijaonyesha kitu, alhamdulillah. Wiki iliyopita nacho kiling'aa, maana yake uchafu uliingia, na kazi ya siku mbili niliimwaga.

Saa moja usiku. Barua pepe imefika: herufi za jeni za namba 17 na 18 zimesomwa nje ya nchi. Nazipanga juu na chini kwenye kompyuta. Mwanzoni zinafanana, halafu tofauti moja, nyingine, kisha sikuweza tena kuzihesabu kwa vidole. Nikichora mti wa ukoo, namba 17 anakaa pamoja na africana, na 18 anakwenda tawi jingine. Zipo spishi nyingine zinazovaa sare hii hii, kwa hiyo kwanza nitamlinganisha na hizo.

Lakini COI hurithiwa kwa mama peke yake, na hazina za jeni za mtandaoni zina majina yaliyokosewa. Inabaki jeni ya histoni H3 kutoka kwenye kiini cha seli, inayorithiwa kwa wazazi wote wawili, na inabaki kumpasua namba 31. Kwenye daftari, kwa kalamu ya risasi, naandika Chromodoris cf. africana. Hiyo cf. maana yake ni “linganisha”.

Kesho maji yatakupwa nusu saa na kitu baadaye. Nimeshaosha ndoo.