Kidole kwenye Shift

"Mama, kompyuta inakulilia."

Ni mwanangu wa pili, yule wa maswali. Alikuwa amesimama nyuma yangu, flashi mkononi, katoka nayo steshenari. Ndani kuna kazi yake ya Jiografia, imechapwa huku maneno yamekatika pembeni, mwalimu kaikataa, na steshenari inafunga saa mbili. Nikaipokea, nikaichomeka, macho yangu yakiwa kwenye sufuria jikoni. Kidole kikaenda chenyewe kwenye Shift ya kulia kikakaa pale. Kompyuta ikapiga mlio, kikatokea kidirisha kinaniuliza kama nataka kuwasha Filter Keys, ile huduma iliyowekwa kwa ajili ya watu wanaotetemeka mikono.

"Sasa kwa nini umeibana?"

Nikamwambia ni mazoea. Akaniangalia vile anavyomwangalia baba yake akisema gari halina shida.

Ninyi wa umri wangu mnajua. Enzi za Windows XP, ukichomeka flashi, kompyuta ilikuwa inatafuta kijifaili kiitwacho autorun.inf na kufuata kinachoagiza. Virusi vikaona hapo ndipo mlangoni. Ukibana Shift wakati unachomeka, agizo lile halisomwi. Ndiyo kinga tuliyokuwa nayo, bure, haihitaji vocha. Februari 2011 Microsoft wakasambaza sasisho la kuzuia flashi zisijiendeshe zenyewe, na Windows 7 ilishakuja hivyo tangu mwanzo. Kwa hiyo kidole changu kinafanya kazi iliyokwisha muda mrefu, kama mlinzi aliyesahaulika kwenye geti la kiwanda kilichofungwa.

Lakini mimi na hicho kidole tuna sababu yetu. Ni ya Septemba 2010, Kihonda, Morogoro, sebuleni kwa wazazi.

Kompyuta ya nyumbani Baba aliinunua Kariakoo, mtumba wa Uingereza, Pentium 4, skrini yenye kisogo kirefu. Mama akaifumia kitambaa. Mimi nilikuwa chuo, na kwa kuwa kozi yangu ilikuwa na neno teknolojia ndani yake, nyumbani nilishapewa udaktari. Sikuukataa. Niliipenda ile kompyuta kwa namna ambayo leo naona haya kuieleza. Niliifungua kwa bisibisi kila likizo nikaipuliza vumbi. Antivirusi ilikuwa ya bure, na masasisho yake niliyashusha mkahawa wa intaneti wa Msamvu nikayachoma kwenye CD, maana modemu ilikuwa inakula vocha, na ukiyabeba kwa flashi, dawa na ugonjwa vinapanda basi moja. Pembeni ya skrini nilibandika karatasi: usichomeke flashi bila kubana Shift, usifungue kwa kubonyeza mara mbili, skani kwanza. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: HAKUNA MJOMBA HAPA. Maana yake hata mjomba akija na flashi yake ataskaniwa kama wengine.

Majirani zetu kompyuta yao ilishaliwa. Ukibonyeza Ctrl, Alt na Delete inakujibu kwamba msimamizi amezuia. Msimamizi gani, wakati nyumba nzima wanaoigusa ni watu wawili? Yetu haikuwahi kufika huko. Nilikuwa naringa.

Mwaka huo kaka alikuwa anaoa, baada ya Idi. Mweka hazina wa kamati alikuwa Shangazi. Wanaonisoma siku nyingi mnamjua, yule wa hadithi ya mbuzi na kondakta. Alianza na kaunta buku, mistari minyoofu, jina, ahadi, alichotoa, salio. Mimi ndiye niliyemwambia Shangazi jamani, kaunta buku mwaka 2010? Nikamfundisha Excel, siku tatu, akaelewa kuliko wanafunzi wenzangu. Alipoona safu inajijumlisha yenyewe alipiga kigelegele. Kaunta buku likaenda kwa mjukuu wake, akachorea magari.

Sharti lake moja tu: faili lisikae kwenye kompyuta ya nyumbani. "Hapa kila mtu anafungua," akasema. "Sitaki watu wajue nani katoa elfu tano." Alikuwa anajua ni nani. Basi likakaa kwenye flashi yake ya GB 2, pamoja na picha za posa na maandishi ya kadi, na flashi ikakaa kwenye fundo la pindo la kanga yake, mahali anapofungia noti.

Siku moja kabla ya kikao cha mwisho akaenda steshenari, stendi, kuchapa orodha ili kila mjumbe apate nakala. Akarudi jioni, mvua imemshika njiani. Nikamwamkia, akaitikia bila kukaa, akafungua fundo.

"Mwanangu, mgonjwa wako huyu. Mafolda yameota mishale. Pale wameniambia ina virusi, niipeleke kwa mtaalamu."

Mtaalamu akavuta kiti.

Nikabana Shift, nikachomeka, nikasubiri taa ya flashi iache kupepesa. Nikaifungua kwa kuandika herufi yake kule juu, sikubonyeza mara mbili, na nilihakikisha Shangazi anaona jinsi nilivyo mwangalifu. Kweli, folda tatu, kila moja na kimshale chake pembeni chini: MICHANGO, KADI, PICHA ZA POSA. Nikaangalia ukubwa. KB 2, KB 2, KB 2. Hapo nikajua hizi si folda. Ni njia za mkato, vibao vya kuonyesha njia, na njia yenyewe inakupeleka kwa kirusi. Mpaka hapo nilikuwa sahihi kabisa.

Halafu nikabonyeza kulia nikafungua Properties ya flashi.

Kama uliwahi kutumia XP unalikumbuka lile duara. Linakaa kama chapati iliyoinamishwa kidogo uione unene wake. Bluu ni sehemu iliyotumika, waridi ni iliyobaki. La flashi ya Shangazi lilikuwa bluu. Bluu karibu yote, na kipande chembamba cha waridi, kama kile cha chapati unachomwachia mtoto aliyelala. GB 1.6 zimetumika. Mvua ilikuwa inapiga bati, UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, inalialia chini ya meza kwa sababu umeme ulikuwa unapungua na kurudi, na Shangazi ameinama begani kwangu, kanga mbichi inanuka mvua na udi wa Idi.

Nikalitazama duara. Sijui ni sekunde ngapi. Nilikuwa na hesabu yote mbele yangu, hesabu ya darasa la tatu: folda tatu za KB 2 ni KB 6. Je, GB 1.6 ni za nani?

Nikasema, "Unaona Shangazi? Wamejaa."

"Nani?"

"Virusi. Hiyo bluu yote."

"Mungu wangu. Na vitu vyangu?"

"Vimeshaliwa."

Akakaa. Nakumbuka alivyokaa, taratibu, akishika mkono wa kochi kwanza. Nikamwambia asijali, flashi yenyewe nitaisafisha, asije akaitupa, na la msingi ni kwamba uchafu haujaingia kwenye kompyuta. Nilisema hivyo. La msingi. Akaniuliza kusafisha ndiyo vipi, kama kufua kanga, doa linatoka kanga inabaki? Nikacheka.

"Flashi itabaki, Shangazi."

"Haya. Safisha, mwanangu."

Nikabonyeza Format, nikaweka alama kwenye Quick. Likaja onyo kwamba kila kitu kitafutika. Nikabonyeza OK kabla sijalimaliza kulisoma, maana nilishalisoma mara nyingi. Mstari wa kijani ukakimbia, hata dakika haikuisha. Nikafungua tena lile duara: waridi tupu. Zuri, safi, kama sahani iliyooshwa. Nikamwonyesha. Na ili kuhakikisha flashi ni nzima, nikaijaza nyimbo za taarabu za kupigwa siku ya harusi, mpaka pomoni.

Kilichofuata nitakisema haraka, kwa sababu sikukiona chote, na nilichokiona sikukifurahia. Shangazi alikesha akiandika majina kwa kukumbuka. Kesho yake kikaoni wawili wakasema walitoa zaidi ya walivyoandikwa. Mmoja alikuwa na meseji ya M-Pesa, akaionyesha. Mwingine alitoa taslimu. Hesabu ikapungua shilingi laki moja na themanini. Hakuna aliyesema neno, na hilo ndilo baya, maana kwetu watu wakisema unajibu. Baba mkubwa, mwenyekiti, akasema tu kwamba mitambo hii ina mambo, tuendelee na ajenda. Jikoni nikasikia mtu akiuliza, kwa sauti ya mzaha, hao virusi siku hizi wanakula na pesa? Wiki ya harusi Shangazi akaja na laki moja na themanini kamili. Alizitoa kwenye kikoba chake. Alisema zimepatikana, zilikuwa kwenye bahasha. Harusi ikafana, taarabu ikapigwa kutoka kwenye flashi ile ile.

Oktoba nikarudi chuo. Siku moja maabara mwenzetu akaja na flashi ina mishale, analia kabisa, ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo imo humo. Nikamwambia pole, hizo zimeshaliwa, fomati. Fundi wa maabara, mtu mkimya ambaye alikuwa anakula karanga, akasema hapana. Hakuja hata karibu. Akasema kirusi hicho hakili mafaili, kinayaficha. Kinayawekea alama ya kufichwa na alama ya mfumo, ili Windows isiyaonyeshe, halafu kinaweka vishale vyenye majina yale yale ubonyeze mwenyewe. "Angalia nafasi iliyotumika," akasema. "Kama imejaa, vitu vipo."

Akamtajia cha kuandika kwenye lile dirisha jeusi: attrib -h -r -s /s /d, kisha herufi ya flashi na :\*.* mbele yake. Enter. Kimya kidogo. Folda zake zikatokea moja baada ya nyingine, kama watoto wanaotoka mvunguni mwa kitanda.

Msichana akaruka akamkumbatia fundi, karanga zikamwagika. Nikainama kusaidia kuziokota, na nikakaa kule chini muda mrefu kuliko karanga zilivyohitaji.

Bluu ile ilikuwa michango. Ilikuwa picha za posa, elfu tano ya mtu yule, na kazi ya Shangazi ya miezi miwili. Kirusi kiliifunika tu. Hata baada ya kufomati, ile ya haraka haifuti data yenyewe, inafuta orodha. Zipo programu ambazo zingeweza kurudisha. Ningeiacha tu flashi kwenye fundo la kanga mpaka Oktoba! Lakini mimi nilishaijaza taarabu.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka ule ule wa 2010 dunia iligundua Stuxnet, kirusi kilichosafiri kwa flashi na kutumia vimshale kama hivyo hivyo, hadi kwenye mashine za kurutubisha urani kule Natanz, Iran. Nilipata faraja ya kijinga, kwamba hata wenye vinu vya nyuklia waliponzwa na flashi. Ila wao hawakujifomatia wenyewe.

Shangazi sijamwambia. Mwaka wa kwanza nilisubiri wakati mzuri. Wa pili nikaona nitamtonesha kidonda. Sasa imekuwa hadithi yake: "vile virusi vilivyonila mimi," anasema, watu wanacheka, naye anacheka, na kamati hajashika tena tangu hapo, hata walipomwomba. Wanawe wawili huyasoma haya ninayoandika. Nimefuta aya hii mara tatu nikairudisha, mnionee huruma.

Na bado ananiamini, hilo ndilo linanimaliza. Idi iliyopita alinipa simu yake, inaleta matangazo yenyewe, ina programu nne za "kusafisha" ambazo mjukuu alimwekea na zote nne ndizo zinazoleta matangazo. Akanikabidhi hivi hivi akaenda kupakua pilau. Nilikaa nayo saa nzima. Nilinakili kila picha, kila namba, hata picha tisini za dari alizojipigia kwa bahati mbaya, ndipo nikagusa kitu. Aliporudi akaniuliza mbona umechelewa, siku hizi umekuwa mzito.

Jana nilimsimulia mwanangu, kwa kuwa aliganda pale hatoki. Nikamweleza autorun, nikamweleza Shift, nikamweleza bibi yake wa Kihonda na mafolda yaliyoota mishale. Alicheka sana hapo. Kisha akaacha kucheka.

"Sasa vitu vya Bibi vilipotelea wapi? Virusi vilikula?"

Sufuria ilikuwa imeanza kunuka. Kazi yake ya Jiografia ilikuwa imefunguka kwenye skrini, kurasa kumi na nne, ramani ya mto Rufiji imekatwa mdomo.

"Ndiyo," nikasema. "Vilikula."