Ziwa lilipofungwa, ndipo nilipoacha kumlipa Mungu

Daftari langu la biashara lina jalada gumu la bluu. Ukilifungua kwa mbele utakuta ndoo za dagaa, bei za siku na wateja ninaowadai. Ukiligeuza ukaanzia nyuma utakuta hesabu nyingine: siku nilizofunga, mikesha niliyohudhuria, sadaka nilizotoa, sura za Biblia nilizosoma, na alama ya mkasi kwa kila siku niliyolala bila kusali. Kwa miaka kama sita kurasa za nyuma niliziandika kwa uaminifu kuliko za mbele. Nilikuwa nikiamini kwamba Mungu naye ana daftari kama langu, na jioni anajumlisha.

Mimi ni mwanamke wa chanja, hapa Katonga, Kigoma. Alfajiri mitumbwi ikirudi nanunua dagaa, naanika, jioni nakusanya, na mzigo ukitosha napakia kwenda Tabora au Dar es Salaam. Ni kazi inayotawaliwa na vitu viwili ambavyo hakuna mtu mwenye rimoti yake, mwezi na jua. Mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo hawatoki, na sisi wa nchi kavu tunakaa. Mvua ikiwakuta dagaa kwenye chanja, mzigo ule utauuza kwa wenye kuku. Ungedhani mtu anayeishi hivyo angekuwa wa kwanza kujua kwamba riziki haiko mkononi mwake. Mimi nilielewa kinyume. Dagaa wakinyeshewa, niligeuza daftari nikatafuta ni siku gani sikusali.

Na katika kuongozwa na Mungu nilikuwa vilevile. Kila jambo nilitaka ishara. Niliwahi kutaka kufungua genge kule Mwanga, hapahapa Kigoma. Badala ya kwenda kuuliza kodi ya pale, nilifumba macho, nikafungua Biblia popote, nikatia kidole. Kidole kikaangukia majina ya ukoo katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati. Usiku kucha nilitafuta maana yake. Asubuhi mume wangu akaniuliza, "Vipi, genge limepatikana kwa wana wa Yuda?" Nilikasirika sana. Leo nacheka, ila genge lile alilichukua mwingine na mpaka sasa linamlipa.

Mwaka 2024 likaja tangazo kwamba Ziwa Tanganyika litafungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Halikuwa jambo la kwetu peke yetu. Ziwa ni la nchi nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, na zilikuwa zimekubaliana. Akili yangu ilielewa. Moyo haukuelewa. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mkopo wa kikoba.

Nikaenda kwa mtumishi mmoja. Simtaji, na wala si wa kanisa ninalosali. Aliniambia mlango wangu unafungwa kwa sababu sijawahi kutoa sadaka inayouma. Nikampa laki nne, karibu nusu ya mtaji, bila kumwambia mume wangu. Iliuma kweli, kwa hiyo nikaamini imefanya kazi.

Tarehe 15 Mei ziwa likafungwa kama lilivyotangazwa.

Nitasema ukweli kuhusu wiki zile mbili za mwanzo, maana ndizo zilizonifungua macho. Niliongeza dozi. Nilifunga siku saba, na njaa ikanifanya mkali kiasi kwamba mtoto wa mwisho alikuwa akinikwepa uani. Jua lilikuwa la kiangazi, kavu, jua ambalo mwanika dagaa huliomba mwaka mzima, na chanja zimesimama tupu kama vitanda vya wageni wasiofika. Nikawa namwambia Mungu, "Nimefunga, nimetoa, nimekesha. Bado nini?" Haikuwa sala. Ilikuwa ni kudai chenji.

Mume wangu aligundua ile laki nne kwa ujumbe wa muamala uliobaki kwenye simu. Hakupiga kelele. Siku mbili hakuzungumzia. Ya tatu, tukiwa tunakula, akasema, "Mama, wewe unamwogopa Mungu kama tunavyomwogopa mwenye nyumba mwisho wa mwezi." Akaendelea kula. Yeye si mtu wa kanisani sana. Ni fundi wa injini za boti, Jumapili huwa na grisi kwenye kucha. Nilitaka kumjibu kwa mistari mitano na sikupata hata mmoja.

Kipindi kile sisi wanawake wa chanja tulikuwa tukikutana Jumatano jioni kuomba, palepale ufukweni. Hatukuwa na kazi, kwa hiyo tulihudhuria vizuri kuliko wakati wowote. Jumatano moja aliyesoma neno alikuwa kijana wa kwenye mitumbwi, naye hana kazi kama sisi. Akasoma Yohana 21. Petro na wenzake wamevua usiku kucha, hawakupata kitu. Alfajiri kuna mtu amesimama ufukweni anawauliza, "Wanangu, mna kitoweo?" Wanajibu la. Anawaambia watupe jarife upande wa kuume, wanapata samaki wakubwa 153. Hapo wote tunapajua, tumehubiriwa mara mia: tii, utupe jarife, utapata.

Kijana yule alipofika mstari wa tisa akasita. Akarudia. Wameshuka pwani wakakuta moto wa makaa, na juu yake pametiwa samaki, na mkate. Akatuangalia sisi wauza samaki, akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli: "Sasa mama zangu, huyu wa kwenye moto Bwana alimtoa wapi? Hawa wa jarife hawajafika."

Mama mmoja akasema, "Labda alinunua kwa jirani." Tukacheka mpaka mkutano ukavunjika kidogo.

Mimi nilicheka pia, lakini nilirudi nyumbani na swali lile kama mwiba wa samaki kuhe kooni. Biashara hii nimeifanya zaidi ya miaka kumi na mbili. Najua kwamba samaki wa kwenye moto na samaki wa kwenye chombo ni mizigo miwili tofauti. Kifungua kinywa kilikuwa tayari kabla hawajaleta chochote. Kweli, aliwaambia walete baadhi ya waliovua, lakini aliyeanza kuiva hakuwa miongoni mwao. Na angalia anayelishwa ni nani. Petro, aliyemkana Yesu mara tatu, tena akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Ningekuwa mimi ndiye Bwana, ningemwita pembeni kwanza tumalizane. Yeye akasema, "Njoni mfungue kinywa." Kuulizwa "Wanipenda?" kulikuja baada ya kula.

Usiku ule nilisoma tena Waefeso 2:8-9, ule ujumbe wa kuokolewa kwa neema kwa njia ya imani, kwamba ni kipawa cha Mungu wala si kwa matendo. Nilikuwa nimeukariri tangu Sunday school, na sikuwahi kuuruhusu uguse kurasa za nyuma za daftari. Nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Bwana, sina cha kukulipa, na nilichokulipa hukukiomba." Sikuona maono. Sikulia hata. Nililala, na nilikuwa nimeshasahau kulala kulivyo.

Asubuhi sikuwa mtu mpya. Mkopo wa kikoba ulikuwepo. Laki nne haikurudi, na haijarudi hadi leo. Kilichobadilika ni kitu kidogo ambacho nilikitambua baada ya siku kadhaa: niliweza kufikiri. Muda wote niliokuwa nikitafuta uongozi wa Mungu, nilichokuwa nikikisikiliza ni hofu ya kukosea. Nilidhani nikikosea hatua moja nitafutwa, kwa hiyo sikutaka hatua yoyote ambayo haina mhuri wa mbinguni. Mtu anayeona anadaiwa hawezi kuongozwa. Kila sauti anaisikia kama ya mdai.

Kuna Zaburi ya 32 ambayo huwa tunaisoma nusu. Mstari wa nane tunaupenda: "Nitakufundisha na kukuonyesha njia utakayoiendea, nitakushauri, jicho langu likikutazama." Wa tisa unafuata palepale, kwamba tusiwe kama farasi wala nyumbu wasio na akili, wanaozuiwa kwa lijamu na hatamu. Nilikuwa nikiomba hatamu. Nilitaka Mungu anivute mdomo kulia au kushoto, nisiwe na lawama. Yeye anazungumza habari ya kushauri na kutazama, mambo ya watu wanaojuana.

Basi nikaanza kufanya mambo ya kawaida. Nikaacha kutia kidole kwenye Biblia. Nikachukua Wagalatia, sura sita tu, nikaisoma polepole, sura ileile siku mbili tatu. Nikamweleza mume wangu hesabu zote, hata zile za kuaibisha. Nikamtafuta mama mmoja mzee wa kanisani kwetu ambaye hajui kubembeleza mtu, nikamuuliza anaona nina uwezo wa kazi gani zaidi ya dagaa. Akasema, "Wewe unajua kupima na unajua kusafirisha. Mafuta nayo yanapimwa na yanasafirishwa." Nikasali, safari hii kwa ufupi, kwamba kama nakosea anirudishe, na kama sikosei anipe nguvu ya kubeba madumu.

Shangazi yangu ana michikichi huko Simbo. Nikaenda. Baada ya salamu, na za Kiha si fupi, nikamweleza. Akanipa madumu manne ya mawese. Hapa msomaji anasubiri niseme alinipa bure na mimi nikaelewa neema. Hapana. Alinipa mali kauli, bei ya soko, na mwisho wa wiki ya pili alipiga simu kudai. Nikamlipa. Biashara ni biashara, na sioni ubaya wowote wa kulipa deni la shangazi. Kosa langu lilikuwa kudhani Mungu naye ananiuzia mali kauli.

Mawese yalinivusha. Hayakunitajirisha, Julai tulikula maharage kuliko nilivyopenda, na ada ya mmoja ililipwa kwa vipande vitatu. Lakini nilikuwa na amani ya kujaribu. Shehena moja ilivuja njiani kwenda Tabora kwa sababu kifuniko cha dumu hakikukazwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya wokovu nilipata hasara na sikugeuza daftari. Nikanunua vifuniko vipya.

Dada mmoja tunayesali naye aliniambia hii ni njia ya kulegea, kwamba ukiwaambia watu neema ni bure wataacha kufunga na kutoa. Nimemfikiria sana, kwa sababu hakusema kwa nia mbaya. Mimi mwenyewe miezi miwili ya mwanzo sikufunga kabisa. Niliogopa ningeanza kuhesabu. Sasa hufunga, mara chache, na siandiki. Fungu la kumi natoa. Hata Petro alipewa kazi pale pale kwenye moto, "Lisha kondoo zangu," na ilikuwa kazi ya maisha. Ila alipewa akiwa ameshiba.

Wala sijapona moja kwa moja. Novemba mvua ilituotea, beseni sita zikanyeshewa, na kabla sijakunja turubai nilishakumbuka kwamba Jumatano sikwenda kwenye maombi. Nilijishika. Nilisema tu, "Bwana, mvua," nikaendelea kukusanya.

Lakini nataka kumalizia na Agosti. Tarehe 15 ilipofika watu walishangilia, boti zikafutwa vumbi, wengine wakanunua taa mpya. Tukasahau kutazama juu. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Ulijaa tarehe 19. Miezi mitatu ya kungoja, na siku ya kufunguliwa usiku mweupe kama mchana! Waliotoka wengi walirudi na kidogo sana. Ufukweni watu walinuna, mmoja akasema tumerogwa.

Mume wangu akanitazama kwa pembeni, nadhani akingoja nikachukue daftari. Nililichukua kweli. Kurasa za mbele zilikuwa zimejaa wateja wa mawese, kwa hiyo nikaligeuza, nikatafuta nafasi kati ya siku ishirini na moja za mfungo na mikesha ya mwaka juzi, nikaandika: mama wa Gungu, lita tano, atalipa Ijumaa. Kisha tukakaa nje, mwanga ukiwa mwingi hivyo, tukichambua wavu wa chanja uliotatuka.