Ubongo wangu na picha za chipsi

Jamani, leo nimelazwa ndani ya mashine ya MRI (ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) na njaa yangu, naonyeshwa picha za chakula! Nimejitolea kwenye utafiti wa unene wa chuo kimoja hapa Uingereza. Unavua kila kitu cha chuma, unaziba masikio (kelele zake utadhani fundi anagonga bati kichwani), halafu kwenye kioo kidogo zinapita keki, chipsi, kuku wa kukaanga, brokoli, mara viti na meza tu. Mashine haisomi mawazo. Inafuatilia damu yenye oksijeni, maana sehemu ya ubongo inayochangamka ndiyo huletewa damu zaidi.

Haya mambo si mapya. Mwaka 2001 Gene-Jack Wang, Nora Volkow na wenzao, maabara ya Brookhaven kule New York, waliwapiga picha za ubongo za PET (unachomwa kwanza dawa yenye mionzi kidogo) watu 10 wanene sana na 10 wa uzito wa kawaida. Wale wanene walikuwa na vipokezi vichache zaidi vya dopamini (kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu), aina ya D2. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, na picha ya ubongo bado si kipimo cha kawaida cha kliniki.

Kinachonivutia mimi ni dawa za kundi la GLP-1, zile za kisukari na kupunguza uzito kama Ozempic. Picha zimeonyesha zinaweza kutuliza ubongo unapoona chakula kitamu, si tumbo peke yake.

Shangazi zangu wa "we punguza tu kula", nawa-tag kabisa. Mje tuongee.